Msukaji wa Viti wa Keko

Chama chetu kilikuwa na chumba kimoja Keko, kando ya barabara ya vumbi, katikati ya karakana mbili za maseremala. Randa zilianza kulia tangu asubuhi, na unga wa mbao ulituingilia mpaka kwenye chai. Chama hicho kilianzishwa na watu watatu: Mwarabu mmoja mwenye duka kule Temeke, mwalimu wa madrasa, na mzee mmoja aliyekuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini, akastaafu. Wakati ule wa Mwingereza, mtu mzima asiye na kazi mjini alihesabiwa kama mhalifu. Askari wakimkuta hana kipande, ile kadi ya kazi, walimpakia garini na kumrudisha kwao bara, hata kama kwao hakuna tena anayemjua. Wazee wetu wakaona sadaka ya Ijumaa huliwa ikaisha Ijumaa hiyohiyo. Heri kumtafutia mtu kazi.

Kuzitafuta hizo kazi wakanipa mimi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama yangu Temeke. Marehemu baba alinifundisha kusoma herufi za Kiarabu, na za Kizungu nikajifunza mwenyewe baadaye. Lakini si kusoma kulikonipa kazi. Mwenye duka alinijua kwa ubishi, maana kila wiki tulikuwa tukigombania bei ya mchele. Aliwaambia wenzake, "Mtu anayeniteremshia bei mie, atashindwa kumwombea mwenzake kazi?"

Basi nikavaa buibui nikaanza kuzunguka. Nilikwenda Mbagala kwenye mashamba ya minazi, Kinondoni kwa wajenzi wa nyumba, Mikocheni kwa wenye mashamba. Watu walicheka mwanzoni. Mwanamke wa pwani, kajifunika vizuri, anasimama mlangoni kwa mwenye ghala kuuliza kama anahitaji mlinzi. Majirani walimwuliza mama yangu, "Mwanao siku hizi anafanya nini?"

"Anatafuta kazi," alijibu.

"Masikini, bado hajapata?"

"Anazipata kila siku. Anawapa watu."

Mama alinisimulia jibu hilo mwenyewe, akanitazama kwa pembe ya jicho kuona kama nimefurahi. Nilifurahi. Nilikuwa nimeishi na mume aliyeniambia kwamba sifai hata kupika wali, na sasa kulikuwa na wanaume wazima waliokwenda kazini asubuhi kwa sababu mimi nilisimama mlangoni kwa mtu nikakataa kuondoka. Mmoja alikuwa amerudi vitani na mguu mbovu. Nikampatia kazi ya kulinda ghala la nazi. Mwingine alitoka gerezani. Huyo alinichukua miezi, lakini akapata.

Kisha akaja yule mwanamke.

Alikuja asubuhi moja ya masika, akasimama nje ya mlango ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Nilimkaribisha ndani. Hakuingia. Aliniambia hapohapo mvuani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, nakwambia kwanza halafu utaamua kunikaribisha. Nilikuwa na ukoma. Nimepona."

Alikuwa amenizidi umri kama miaka kumi. Ni mtu wa Rufiji, aliyeolewa Dar es Salaam, na ugonjwa ulipoonekana mumewe alimpa talaka yake na ndugu zake wakampeleka kwenye kambi ya wakoma. Huko alikaa miaka mingi, mpaka zikaja dawa mpya za vidonge na daktari akamwambia aende zake, hana tena cha kumwambukiza mtu. Ndugu hawakumpokea. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimejikunja visikunjuke, na uso ulikuwa na makovu kidogo kwenye nyusi. Kwa mengine yote alikuwa mwanamke mzuri, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka.

Sitasema kwamba sikuogopa. Niliogopa. Lakini yule mzee dresa alikuwa ndani, akatoka, akamsalimu, akamshika mkono ule wa kushoto kwa mikono yake miwili na kuugeuzageuza, kama mtu anayechagua embe sokoni. "Huyu amepona," akasema. "Ingia, binti yangu, utapata baridi ya bure."

Nikamwuliza anajua kazi gani. Akasema huko kambini walifundishwa kusuka viti vya henzirani. Henzirani ni zile fito laini zinazopasuliwa nyuzi nyembamba, kisha husukwa kuwa makalio na migongo ya viti, na kuacha vitundu vidogo vinavyopitisha hewa. Viti hivyo vilipendwa sana wakati ule, maofisini na majumbani kwa watu wenye uwezo. Nikaona Mungu ametufungulia. Karakana ya upande wetu wa kulia, kubwa kuliko zote mtaani, ilikuwa imejaa viunzi vya viti visivyo na makalio. Msukaji wa pale alikuwa amerudi kwao Kilwa, na fundi mkuu alikuwa ananiuliza kila siku kama nina mtu.

Kwanza ilibidi apate pa kulala. Sikuzunguka. Nilijua hakuna nyumba Temeke ambayo wapangaji wangekubali kuchangia naye ua, kisima na choo. Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua kichwa.

"Dresa amemshika mkono?"

"Amemshika."

"Kile chumba cha uani kina kuni. Zitoe."

Mpangaji wetu mmoja alihama wiki hiyohiyo, yeye na mkewe, na majirani wawili wakaacha kuja kwetu kusuka nywele. Mama alisema nyumba imepata hewa.

Siku ya kwanza kula naye, yule mwanamke alikuja na sahani yake ya bati. Alikuwa ameileta kutoka kambini, imefungwa kwenye kanga. Tuliketi mkekani, sinia la wali na samaki katikati yetu, na yeye akakaa kando, akaweka bati lake mbele yake asubiri kupakuliwa. Mama alinawa. Akalichukua lile bati, akainuka, akaenda kulitundika msumarini jikoni. Aliporudi akasema, "Nyumba hii watu wanakula pamoja. Sogea." Kisha akachambua mnofu wa samaki, ule wa mgongoni usio na miiba, akausukuma mpaka upande wake wa sinia.

Yule mwanamke hakula mara moja. Aliutazama ule mnofu, na mimi nikautazama mkeka. Halafu mama akasema wali unapoa, tukala.

Kitu kimoja kilimtia mama wasiwasi. Vidole vya mwenzetu havikuwa na hisia. Siku ya pili aliinua sufuria la moto kwa mikono mitupu, akalibeba mpaka uani bila kujua kwamba anaungua. Alituambia, "Mikono yangu naiangalia kama mtu anavyoangalia mtoto mdogo. Nikigeuka tu, ameshajiumiza." Mama alikata kanga ya zamani akamshonea vishikio vinene vya kushikia vyungu, na kila alipomwona anakwenda mekoni alimwita na kumwuliza, "Mtoto yuko wapi?" Naye alivionyesha vile vishikio mkononi.

Sasa nikaenda kwa fundi mkuu. Alikuwa mtu wa Kisarawe, mnene, mwenye penseli sikioni, mkali kwa vijana wake lakini mwadilifu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Umeniletea msukaji?"

Nikamwambia ninaye, na ni msukaji hasa. Akauliza ametoka wapi. Ningeweza kunyamaza, lakini mkono ungeonekana siku ya kwanza, na chama chetu hakikuwa na mali nyingine isipokuwa kuaminiwa. Nikamweleza yote. Randa zilizokuwa karibu zikanyamaza. Nikamwonyesha cheti cha daktari. Akanyoosha kidole nikiweke juu ya meza ya kazi, akakisoma pale kilipolala, bila kukigusa.

"Binti," akasema, "mie sina neno naye. Daktari kasema, namwamini. Lakini kiti ni kitu cha kukaliwa. Mteja akiona mkono ule atakaa?"

Sikuondoka. Nilikuwa na desturi ya kutoondoka. Nilizungumza mpaka akachoka, akashusha sauti vijana wake wasisikie. Akasema basi, asuke, lakini asuke kwetu, ndani, mlango umefungwa. Viti angetuma mtu avilete na kuvichukua giza likishaingia. Mtu yeyote asijue nani anasuka.

Nilirudi chumbani karibu kwa mbio. Yule mwanamke alikuwa amekaa na dresa wakinywa chai. Nikamweleza, nikiwa nacheka kwa furaha. Aliweka kikombe chini.

"Mwambie ahsante," akasema. "Sitaki."

"Dada, hii ni kazi."

"Najua ni kazi. Lakini nimefichwa miaka yote ile, nikaambiwa ni kwa sababu ya ugonjwa. Nikakubali, maana ugonjwa ulikuwapo. Sasa haupo. Nikifichwa tena, itakuwa kwa sababu gani?"

Dresa aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikamlalamikia mama kwamba nimepoteza asubuhi nzima kumwomba mtu, na kazi imekataliwa kana kwamba kazi zinaokotwa njiani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unamtafutia kazi mtu au kitu?" akaniuliza.

"Mtu."

"Basi ndiye huyo. Mtu husema hapana."

Kesho yake nilimwuliza mwenyewe anataka tufanyeje. Akasema anataka kukaa barazani petu, mbele, watu wanapopita, na kutengeneza viti vibovu vya yeyote atakayeleta. Kama hakuna atakayeleta, atasuka na kufumua kiti kimoja hichohicho. Mwalimu wa madrasa aliingiwa na hofu. Alisema wengine wanaotafuta kazi wataacha kuja kwetu, na kweli wawili waliacha. Wazee wakakaa kuzungumza. Mwenye duka siku ile alisikiliza tu akivuta tasbihi. Dresa alisema kwamba kama tunamwondoa huyu, basi tuwaondoe na wengine wote kwa heshima, tufunge mlango, turudi kwenye sadaka za Ijumaa. Mwalimu alifikiri sana, kisha akasema yeye ndiye atakayemletea kiti cha kwanza cha kusuka. Akaleta cha madrasani, kilichokuwa hakina kalio tangu zamani.

Basi akakaa barazani. Mimi niliweka mkeka wangu kando yake, na siku nisizozunguka nilifanya kazi zangu hapo. Watu walivuka barabara wapite upande wa pili. Wanawake waliokwenda kisimani walivuta kanga wakajifunika pua. Yeye alikuwa na ndoo ya maji ya kuloweshea nyuzi, kisu kidogo, na vigingi vya mti vya kuzuia nyuzi zisiteleze. Alisuka huku anaangalia vidole vyake, kila uzi, kwa sababu henzirani hukata kama wembe na yeye asingejua. Kwa hiyo kazi yake ilikwenda polepole kuliko ya wasukaji wengine. Lakini macho hayakuondoka kwenye uzi hata mara moja, na tundu moja lilifanana na jingine mpaka mwisho. Waliopita upande wa pili walianza kupunguza mwendo.

Siku moja tukaona mkokoteni unakuja kutoka Temeke, na nyuma yake mwenye duka, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Juu ya mkokoteni palikuwa na kiti cha marehemu baba yake, kiti kikubwa cha mikono cha mti mweusi. Kilikuwa kimetoboka katikati, na kwa miaka mingi hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alikiteremsha mwenyewe.

"Salaam aleikum," akamwambia yule mwanamke. "Hiki ndicho alichokalia baba yangu mpaka alipofariki. Nataka nikikalie mie."

"Aleikum salaam. Nitakichukulia siku zangu."

"Chukua."

Alikitengeneza taratibu, na sasa watu walisimama kutazama, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya kiti, maana Temeke nzima ilikijua. Kilipokwisha, mwenye duka alikipeleka dukani, akakiweka nje mlangoni. Akakikalia kila siku, baada ya alasiri mpaka magharibi, akinywa kahawa. Mteja akija alimwinukia na kumkaribisha. "Kaa," alisema. "Kikikuuma, nitakupa sukari ya bure." Nilikwenda mara moja kuona kwa macho yangu. Alikuwa amekalishwa mzee mmoja mnene aliyejulikana kwa woga wake wa maradhi, na mzee huyo alikuwa anasema kwamba kweli, hewa inapita vizuri.

Baada ya hapo vikaja viti. Kwanza cha jirani, kisha vya mkahawa mmoja wa Temeke, kisha cha mwanamke mmojawapo kati ya wale waliojifunika kanga puani. Baraza lilijaa mpaka mimi nikakosa pa kukaa.

Fundi mkuu alikuja alasiri moja. Alisimama, mikono nyuma, akatazama kazi kwa muda. Akavuta kigoda akakaa. Akamwuliza nyuzi analowesha muda gani, naye akamjibu. Akauliza kwa nini anaanza katikati badala ya pembeni, akamjibu. Nikajifanya nasoma.

"Kesho njoo kwangu," fundi akasema mwishowe.

"Nitakaa wapi?"

"Mbele. Pale penye kivuli, karibu na barabara."

"Nitakuja."

Vijana wawili wa fundi waliondoka siku aliyoanza. Mmoja alirudi baada ya wiki, fundi akamkaribisha bila maneno. Mimi nilidhani kazi yangu imekwisha hapo, kama ilivyokwisha kwa wengine niliowapeleka makazini. Lakini jambo ninalojivunia zaidi lilitokea baadaye, na mimi sikulifanya, nililisikia tu kupitia ukuta.

Alikuja bwana mmoja wa Kihindi, mteja wa zamani wa fundi, kuagiza viti vya nyumba mpya aliyoijenga. Alikuwa ameshachagua mti na umbo, wameshakubaliana. Hapo lazima aligeuka akamwona msukaji, akauona mkono. Nilimsikia anamwambia fundi kwamba viti vyake visisukwe na yule. Fundi akasema, kwa upole kabisa, "Bwana, viti vya hapa vinasukwa na huyu. Ukitaka visukwe na mwingine, Keko ina karakana nyingi. Hata jirani yangu wa upande ule ni fundi mzuri."

Yule bwana akaenda upande ule. Fundi alinung'unika siku nzima. Aligombana na vijana, akagombana na msumeno, akaja kwetu akaninung'unikia mimi, kwamba tangu nimeanza kumletea watu wangu hana raha. Nilimwambia, "Pole, fundi." Lakini ndani nilikuwa nimejaa kama mtungi. Yule aliyetaka cheti kiwekwe mezani asikiguse, sasa alikuwa amesema maneno yale mbele ya mteja wake bora, na hakujua kwamba mimi namsikia.

Msukaji mwenyewe alisikia kila neno, maana alikuwa hatua chache tu. Jioni tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Nilingoja aseme kitu. Tulipofika karibu na Temeke akasema, "Leo nimesuka mgongo mzima bila kusimama," kisha akaanza kuimba kidogo kwa Kirufiji, wimbo nisioujua.

Alikaa kwetu mpaka alipopata chumba chake mwenyewe hukohuko Keko. Mama hakufurahi. Alisema mtu anahama kwenda wapi, na nani atamwangalia mtoto. Ijumaa moja alimtuma mtu ampelekee chakula, na Ijumaa nyingine msukaji mwenyewe alikuja kula na sisi. Idd ya mwaka ule alimletea mama kiti kidogo cha kuegemea, cha henzirani, na mama akakiweka ukumbini ili kila anayeingia akione, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kukaa mkekani, kwa kuwa alihofia kukichakaza.

Habari zilifika kambini. Hatukuzipeleka sisi, zilikwenda zenyewe, kama habari ziendavyo. Wakaanza kuja waliopona, mmoja mmoja, na hawakuja kwangu kwanza, walikwenda karakanani kwa msukaji, dada yao. Yeye ndiye aliyewaleta. Alijua nani ana subira na nani ana hasira, nani mikono yake inaweza nini, na hakunibembeleza hata kidogo. Nikichelewa alinisimanga mbele ya wazee, nao wazee walicheka.

Wengine tulishindwa. Kuna mzee mmoja tuliyemtafutia kazi mwaka mzima, akafariki hajapata, na dresa na mwalimu wa madrasa ndio waliomwosha. Lakini wengi walipata. Leo nikipita Keko naona maseremala wamejaa kando ya barabara, vitanda na makabati mpaka mtaroni, na najua ni wapi hasa palikuwa na kile kivuli cha mbele, na nani alikikalia wa kwanza.

Nakumbuka asubuhi moja nilikuwa nimekaa barazani, miguu inaniuma kwa kuzunguka jana yake. Akatokea upande wa karakanani na mwanamume mmoja mfupi aliyejificha nyuma yake, kofia ameivuta mpaka machoni. Alimshika bega akamsogeza mbele.

"Huyu anajua kushona viatu," akaniambia. "Na hataki kufichwa. Inuka twende."

"Twende? Na viti vyako?"

"Fundi nimemuaga. Leo nakwenda na nyinyi, wenye kazi wanione na mimi."

Tukaondoka watatu. Tulianzia Kinondoni.